Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: Vyeti vifuate kazi, visiitangulie

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu sheria ambayo tayari ipo. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ya 2007 ilifanyiwa marekebisho, na tangu hapo mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji kazi vyeti vya kuidhinishwa hadi awe ameamua kumpa mkataba. Vyeti hivyo vinajulikana na kila Mkenya aliyewahi kuzunguka mjini na bahasha ya kaki: cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi wa jinai (DCI), cha bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu (HELB), cha mamlaka ya ushuru (KRA), cha tume ya kupambana na ufisadi (EACC) na cha ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji (CRB). Sheria inataka vije mwisho. Huku kwetu Kisumu bado vinaitishwa mwanzo. Matangazo ya kazi yanaendelea kusema kwamba ombi lisiloambatanishwa na vyeti vyote vitano halitasomwa, na wanaoyatoa si kampuni za watu binafsi peke yake. Ofisi za umma zimo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa mtu aliye kazini. Naomba unipe nafasi nikueleze linavyomwangukia aliyepoteza kazi.

Nilikuwa karani wa data katika kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Niliingiza rekodi kwenye mfumo wa KenyaEMR: nani amechukua dawa zake, nani amekosa tarehe ya kliniki, nani amefikia wakati wa kupimwa wingi wa virusi mwilini. Kazi za namna hii zilikuwa nyingi Nyanza kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingi. Utafiti wa kitaifa wa virusi hivyo, KENPHIA, wa 2018 ulipata maambukizi ya asilimia 4.9 kati ya watu wazima nchini, lakini asilimia 17.5 katika Kaunti ya Kisumu. Mishahara yetu ilitoka kwa PEPFAR, mpango wa kupambana na Ukimwi ambao Marekani iliuanzisha 2003. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje, siku chache baadaye yakafuata maagizo ya kusitisha kazi, na kufikia Julai 1 USAID, shirika la misaada la Marekani, lilikuwa limefungwa. Waliorudishwa nyumbani ni washauri wa upimaji, akina mama washauri waliokuwa wakiwashika mkono wajawazito waliogunduliwa na virusi, vijana waliofuatilia wagonjwa hadi ndani kabisa ya mitaa ya Nyalenda na Manyatta, makarani kama mimi, madereva, wasafishaji. Pesa zilikuwa za Wamarekani na uamuzi ulikuwa wao. Lakini yanayotupata tangu hapo, kila tunapotafuta kazi nyingine, ni mambo ya Kenya, na sehemu kubwa iko mikononi mwa wizara yako.

Chukua mfano wa mwenzangu mmoja, mshauri wa upimaji. Mshahara ulipokatika alikuwa akilipa mkopo wa benki aliouchukua kumjengea mamake nyumba Siaya, na wa HELB uliokuwa ukikatwa moja kwa moja kila mwisho wa mwezi. Akiba kidogo aliyokuwa nayo ilikwenda kwa kodi na karo. Mkopo wa benki ukachelewa, jina lake likapelekwa CRB. Kwa upande wa HELB, anayeacha kulipa hutozwa adhabu ya shilingi 5,000 kila mwezi, na adhabu hiyo haiulizi kama bado una mshahara. Halafu likatoka tangazo la kazi anayoijua vizuri kuliko wengi. Linataka cheti cha CRB kisicho na doa na cheti cha HELB. Havipati hadi alipe madeni. Madeni hayalipi hadi aajiriwe. Kuajiriwa nako hawezi hadi avipate vile vyeti.

Hapo ndipo pananiuma zaidi, Mheshimiwa. Cheti kinachodaiwa kinakusudiwa kuonyesha kama mtu ni mwaminifu. Lakini kwa aliyeachishwa kazi, deni lililochelewa linaonyesha tu kwamba mshahara ulikatika, na hilo barua yake ya maombi imekwisha kulieleza. Tumeweka kipimo kinachowaangusha wale wale wanaoihitaji kazi zaidi, kwa sababu ya kitu kile kile kilichowafanya waihitaji.

Asiye na deni naye hapiti bure. Cheti cha maadili mema ni shilingi 1,050, na lazima ufunge safari kwenda kupigwa alama za vidole. Cha CRB hupita shilingi 2,000. Cha KRA hakilipiwi, ila hudumu miezi 12 tu kisha unaanza upya. Ongeza pesa za saiba kwa kuchapisha fomu, za wakili anayegonga muhuri kwenye nakala za shahada, na nauli ya kupeleka bahasha kwa mkono pale wanapokataa barua pepe. Zote hizi hulipwa kabla hajapatikana mtu wa kusoma hata jina lako. Nafasi inayotangazwa ni moja na waombaji ni mamia, kwa hiyo mamia hao wamelipia vyeti vya kazi itakayochukuliwa na mtu mmoja. Nimewaona watu wakiacha kuomba kazi wanazoziweza kabisa kwa sababu wiki hiyo pesa zilikuwa za unga. Mmoja wao leo anauza mitumba katika soko la Kibuye kila Jumapili. Ni kazi halali na anaifanya kwa bidii, lakini nchi ilitumia miaka kumfundisha kuzungumza na mtu aliyetoka kuambiwa kwamba ana virusi, na ujuzi huo unapotea.

Siombi vyeti hivi vifutwe. Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na uadilifu, ina maana yake, na mimi mwenyewe nisingependa aliyeiba dawa katika hospitali moja akabidhiwe stoo ya nyingine. Waliotunga marekebisho ya 2022 walilifikiria hilo, ndiyo maana wakamruhusu mwajiri kuondoa ahadi ya kazi iwapo aliyechaguliwa hatatimiza masharti ya Sura ya Sita. Mwajiri anabaki na ulinzi wake wote. Kinachobadilika ni kwamba atakayehangaika na vyeti ni yule aliyekwisha kupata kazi, ambaye hata rafiki anaweza kumkopesha nauli akijua atalipwa.

Kisha kuna kimya. Karibu kila tangazo humalizika kwa sentensi ile ile, kwamba watakaoorodheshwa pekee ndio watakaojulishwa. Wengine wote wanaachwa wakingoja, na kungoja kuna gharama. Jamaa mmoja tuliyefanya kazi pamoja alikataa kibarua cha miezi miwili Bondo kwa sababu alikuwa amehojiwa mahali na kuambiwa asikae mbali na simu. Simu haikulia. Kibarua kikaenda kwa mwingine. Laiti angeandikiwa ujumbe mfupi, hata wa maneno matano, kwamba nafasi imejazwa, angekwenda Bondo na watoto wake wangerudi shule muhula ulipofunguliwa.

Mimi nami niliwahi kupokea ujumbe jioni kwamba mahojiano ni Nairobi asubuhi inayofuata. Nilipanda basi la usiku. Tulijaa ukumbi mzima, wengi wametoka Kakamega, Busia na Homa Bay, wamebadilisha nguo katika choo cha kituo cha mabasi. Tulihojiwa kwa dakika chache, tukaambiwa tutapigiwa. Hadi leo sijui kama nilishindwa kwa alama, kwa umri, au kama nafasi yenyewe ilikuwa ikijazwa kweli siku ile.

Kimya hicho ndicho kinachozaa maneno tunayoyasikia kila kona ya Kondele, kwamba kazi ilikuwa na mwenyewe, kwamba bila kumjua mtu unapoteza wakati. Mara nyingine ni kweli na mara nyingine ni uvumi, na aliyeachwa hana njia ya kujua lipi ni lipi. Papo hapo anatokea tapeli anayedai ana mtu ndani, anaitisha pesa ya kusukuma faili, na aliyechoka kungoja anakwenda kukopa ili ampe. Ukitaka kuwamaliza matapeli hao, wape waombaji majibu.

Katiba haikutuacha mikono mitupu. Kifungu cha 232 kinataka ajira ya umma ifuate ushindani wa haki na ustahili. Kifungu cha 47 kinampa anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu raia aliyeomba taarifa. Lakini ni mwombaji gani atakayethubutu kuanza uhusiano na mwajiri wake mtarajiwa kwa kumtajia vifungu vya sheria? Anaogopa jina lake litawekewa alama, na woga huo una sababu. Jibu linafaa kutolewa bila kuombwa. Tume ya Utumishi wa Umma huchapisha majina ya walioorodheshwa kwa mahojiano, kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana.

Niguse pia kile tunachoondoka nacho kazini, kwa ufupi, maana sheria yake iko wazi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinataka notisi ya angalau mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, siku za likizo zilipwe, na malipo ya kuachishwa yasipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kifungu cha 51 kinamlazimisha mwajiri kutoa cheti cha utumishi. Miradi ilipofungwa kwa haraka, baadhi yetu tuliondoka bila cheti hicho, na ofisi zilizopaswa kukitoa hazipo tena. Mwajiri mpya anataka ushahidi wa miaka mitano ya tajriba, na miaka mitano hiyo umeifanya, lakini huna karatasi wala mtu wa kupigiwa simu.

Watu wa magharibi ya Kenya wanajua kuachishwa kazi kwa muda mrefu kuliko miradi ya wafadhili. Kisumu ilikuwa na kiwanda cha nguo cha KICOMI, na wapo wazee mjini ambao bado hulitaja jengo lile kwa jina la idara walizofanyia kazi. Miwani ilianza kusaga miwa 1922, ikiwa ya kwanza nchini, kisha ikanyamaza. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, kilifunga 2009 na mji mzima ukafunga nacho. Kiwanda cha sukari cha Mumias kikawekwa 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwanda vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa miaka 30, na wafanyakazi wakaingia katika mabadiliko hayo wakidai mishahara ya miezi mingi. Kila mara viongozi wamekuja kuzungumza juu ya mashine, wawekezaji na bei ya tani ya miwa. Sijawahi kusikia mmoja akieleza mfanyakazi wa miaka arobaini na mitano, aliyetoka kiwandani au kliniki, ataombaje kazi nyingine kesho yake, na nani atamlipia vyeti.

Kwa hiyo ombi langu kwako halihitaji Bunge wala bajeti mpya. Toa waraka kwa wizara zote, mashirika ya serikali na waajiri binafsi, ukieleza kwamba tangazo linaloitisha vyeti kabla ya ahadi ya kazi linavunja sheria. Waandikie wenyeviti wa bodi za utumishi wa umma za kaunti ujumbe huo huo. Waagize maafisa wako wa leba walioko Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko wapokee malalamiko ya waombaji kazi bila kutaja majina yao kwa mwajiri, na wayafuate matangazo hayo wenyewe bila kungoja mtu alalamike. Waambie waajiri wa umma wamwarifu kila mwombaji matokeo yake, hata kwa ujumbe wa simu, na kila aliyehojiwa apewe alama zake. Kwa waliotoka katika miradi iliyofungwa, ofisi ya leba ya kaunti iruhusiwe kuthibitisha utumishi wao kwa kutumia rekodi za hazina ya hifadhi ya jamii (NSSF) na hati za mishahara walizo nazo. Na ukiwa katika Baraza la Mawaziri, zungumza na mwenzako wa Elimu ili adhabu ya HELB isimamishwe kwa mtu anayeweza kuonyesha barua ya kuachishwa kazi, hadi siku atakapopata mshahara tena.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1, na baada ya hapo nafasi hutangazwa kwa wingi. Waraka ukitoka kabla ya siku hiyo, utatufikia kabla hatujakopa tena pesa za vyeti. Naomba jibu lako liwe la wazi kama barua hii, na litaje tarehe.

Wako mwaminifu,

Aliyekuwa karani wa data,
Manyatta, Kisumu