Barua kwa mafundi na wahandisi vijana wa Mombasa: kaeni na tatizo kwanza

Wanangu,

Tangu nistaafu, wengi wenu mmenijia barazani baada ya alasiri na neno moja: kazi imewaishia hamu. Umesoma miaka, sasa shughuli yako ni kubadilisha beringi na kujaza fomu. Mwingine ameshakata shauri kwenda Ghuba. Siwalaumu. Nami niliwahi kuandika barua ya kuacha kazi, nikatembea nayo mfukoni wiki nzima.

Ilikuwa miaka ya 80, katika kiwanda kimoja kando ya maji ya Kilindini. Tulikuwa na pampu ya maji ya bahari ya kupoza mitambo, na impela yake, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, ilikuwa ikiliwa, imetoboka kama mbao yenye mchwa. Tukasema ni chumvi. Ikaagizwa nyingine ya chuma cha pua, ghali. Nayo ikaliwa. Wakubwa wakataka iagizwe ya tatu, na mimi nikaona sina nilichosomea.

Usiku mmoja nikafungua daftari la zamu. Wenzangu walikuwa wameandika kwamba pampu hulia kama inasaga changarawe, na saa walizoisikia: saa tatu na nusu asubuhi, kesho yake saa nne na robo, kisha saa tano kasoro. Halafu siku kadhaa kimya. Nikamsomea mzee mtia grisi, mtu wa Mtongwe, ambaye siku za mapumziko huenda kuvua. Hakunisubiri nimalize. "Hiyo ni bamvua, mwanangu. Hizo ndizo saa za maji kupwa."

Pampu haivuti maji, wanangu. Hewa inayoukandamiza uso wa bahari ndiyo inayoyasukuma yapande bombani, na hata mambo yote yakienda sawa haiyafikishi zaidi ya mita 10 hivi. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa na kupwa kupita kawaida; hapa kwetu maji hushuka zaidi ya mita 3 kutoka yalipojaa. Yakishuka hivyo, shinikizo kwenye mdomo wa pampu hupungua mpaka maji yanachemka bila moto. Vipovu vinafanyika, kisha vinapasukia kwenye chuma na kukimega. Tulipofungua bomba tukakuta chaza wameota ndani, njia imebaki nusu. Tukalisafisha, tukaiteremsha pampu karibu na maji. Kelele ikakoma.

Sikuongezwa mshahara wala cheo, lakini barua niliichana. Hamu ilinirudia pale nilipolikaribia tatizo, na sijaona ikimrudia mtu kwa njia nyingine. Baadaye nilipandishwa nikawa mtu wa ofisini, miaka sita natia saini tu, na nakwambieni ndiyo miaka ninayoijutia. Ukipandishwa cheo, jiwekee walau siku moja kwa wiki ya kushika mashine.

Kwa hiyo kabla hujaagiza spea, uliza ilianza saa ngapi, bahari ilikuwaje, nani alikuwa karibu. Andika saa, hata ukiona haina maana. Mkae na hawa wazee wasio na vyeti. Anayekwenda Ghuba aende kwa heri, ila asiondoke akidhani hapa hapakuwa na la kufikiri.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, aliye na pampu ya maji ya bahari aende mwenyewe akaisikilize, saa nne hivi asubuhi, maji yakipwa. Aende na daftari.

Baba yenu katika kazi,
Mhandisi mstaafu, Mombasa