Leo ni siku ya 23

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Najua umekaa wiki tatu ukijiuliza nimepatwa na nini hata nisikujibu. Nilikuwa na hasira nawe, na sikutaka kukuandikia nikiwa nayo. Uliniambia, "Watoto ndivyo walivyo, mwenzangu, akikua yataisha." Ulisema kwa kunipenda, hilo silitilii shaka. Lakini neno lile lilinikuta saa tisa usiku, mtoto amelala kifuani pangu anachemka nyuzi 39.7, na nilikuwa nimekwisha lisikia kwa watu wengi kabla yako. Likaniuma zaidi kwa kuwa lilitoka kwako. Sasa hasira imekwisha. Nimekaa nikueleze tangu mwanzo, maana nimetambua sikuwahi kukueleza. Nilikuwa nakutupia vipande tu: leo ana homa, leo kapoa, leo ana homa tena. Mtu akipewa vipande vile, atasema hivyo hivyo ulivyosema.

Inaanza hivi. Asubuhi anaamka mzima, anacheza. Kufika mchana anaanza kunifuata nyuma kila ninapokwenda, hataki kushuka begani. Nikimgusa vidole vya mikono na miguu ni vya baridi, lakini tumbo lina moto. Masikio yanakuwa mekundu. Halafu anasema, "Mama, macho yanachemka." Maneno hayo aliyatunga mwenyewe, hakuna aliyemfundisha, na siku hizi nikiyasikia magoti yananilegea. Saa moja baadaye kipimajoto kinasoma 39 na ushei.

Hakohoi. Pua haitoki kamasi. Haharishi. Koo linakuwa jekundu, tezi za shingoni zinavimba upande huu na huu, na siku ya pili vinatokea vidonda vidogo vyeupe ndani ya mdomo, karibu na fizi, hata maji anayameza akilia. Nampa parasetamoli ya maji, homa inashuka kidogo, dawa ikiisha nguvu inapanda tena. Siku nne, mara nyingine tano. Kisha inaondoka. Haipungui polepole, inaondoka tu, kama mtu aliyeaga. Asubuhi ya siku ya tano au ya sita namkuta amekaa kitandani ananiita tucheze, na mimi sijalala, nimesimama pale sijui nicheke au nilie.

Unakumbuka mara ya kwanza nilipokuambia ana homa? Alikuwa na miaka 2 na miezi 4. Sasa ana miaka 3 na miezi 2. Katika miezi hiyo 10 hakuna mwezi uliopita salama.

Tulianza kuzunguka. Akapimwa malaria, hakuna. Mkojo, hauna kitu. Kila nilikompeleka walimwangalia koo, wakaliona jekundu, wakaandika antibayotiki. Mara tano amemeza antibayotiki, shoga, dozi kamili kila mara, akizitema na mimi nikimrudishia. Na kila mara alipona siku ya nne au ya tano, wakasema, "Unaona? Dawa imefanya kazi." Mimi pia niliamini. Mara ya sita homa ilikuja dawa zikiwa zimeisha nyumbani na mimi nimechoka, nikasema nitampeleka kesho, kesho nikasema kesho. Akapona siku ya nne bila kumeza hata tone la antibayotiki. Nilikaa chini nikahesabu vidole. Basi hata zile tano pengine hazikuwa dawa zilizomponya. Homa ilikuwa inaondoka kwa ratiba yake yenyewe.

Siku hiyo ndipo nilipofungua daftari. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa zake nimezichora mistari: tarehe, saa, nyuzi, amekula nini, amekunywa kiasi gani, mdomo ukoje, shingo ikoje, amekojoa mara ngapi. Sikujua natafuta nini. Niliandika kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Baada ya miezi kadhaa nikajaribu kuhesabu siku kutoka mwanzo wa homa moja hadi mwanzo wa inayofuata. Nikapata 27. Kisha 29. Kisha 26. Kisha 28. Niliita baba yake jikoni nikamwonyesha, kidole kinatetemeka juu ya karatasi.

Baba yake, usimlaumu, kazi yake ya zamu inamkutanisha na mtoto siku ambazo mtoto ni mzima. Anafika anamkuta anaruka juu ya viti, ananiuliza, "Mbona hana kitu?" Tumegombana juu ya neno hilo kuliko tulivyowahi kugombana juu ya pesa. Lakini siku ile alisoma tarehe zile, akazihesabu mwenyewe mara mbili, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Akasema, "Hii si bahati mbaya. Hii ina saa." Tangu hapo tumekuwa upande mmoja.

Nikapeleka daftari kliniki. Aliyekuwa zamu hakulifungua. Alilisukuma pembeni kwa kalamu, akanitazama, akasema, "Mama, una hofu nyingi. Mtoto anakua vizuri." Kweli anakua vizuri. Kadi yake inaonyesha uzito unapanda mstari ule ule bila kuyumba. Mwingine alisema ni meno. Meno gani? Meno yote 20 ya utotoni yameshatoka, nimeyahesabu. Nilirudi nyumbani nikajiuliza kwa siku nyingi kama kweli tatizo ni mimi. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko usiku wenyewe, shoga yangu. Homa naiona, naishika, naipima. Lakini ukiambiwa unaiota, unaanza kumgusa mwanao paji la uso ukiwa na shaka na mkono wako mwenyewe.

Sasa nikuambie lililotokea mwezi uliopita, ndilo lililonipa nguvu ya kuandika. Tulipata nafasi kwa daktari bingwa wa watoto. Mama wa makamo, mpole, haharakishi. Niliingia na daftari nimelificha mkobani, nimeshajifunza kuona haya. Akauliza, "Kuna tarehe mlizoandika?" Nikalitoa. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, shoga, dakika nzima nzima, anafuata mistari kwa kidole. Kisha akasema, "Wewe ndiye unayemwona kila siku. Hakuna kipimo kingeweza kuniambia haya." Nililia pale pale. Mtoto akanifuta kwa kiganja.

Akatueleza. Kuna hali ya homa za kujirudia kwa watoto ambayo madaktari waliielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1987, wakianzia na watoto 12 tu. Inaitwa PFAPA. Kwa kawaida huanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 5, homa huja kila wiki tatu hadi sita, hukaa siku chache, na pamoja nayo huja vidonda vya mdomo, koo jekundu na tezi za shingoni. Katikati ya homa mtoto anakuwa mzima kabisa na anakua vizuri. Haiambukizi. Si kijidudu, ndiyo maana antibayotiki haina kazi nayo. Ni kinga ya mwili inayojiwasha yenyewe. Watoto wengi huachana nayo baada ya miaka kadhaa. Nilipomsikia akiitaja alama moja baada ya nyingine nilihisi kama yeye naye alikuwa chumbani kwangu usiku wote ule.

Lakini hajasema ndiyo. Na hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu watu wote niliowaambia wamerukia kusema "basi imejulikana". Haijajulikana. Hakuna kipimo kinachosema hii ndiyo PFAPA. Wanafika hapo kwa kuondoa mengine kwanza. Kuna ugonjwa mwingine, wa chembe nyeupe za damu, ambao nao huja kwa mzunguko, wenyewe takriban kila siku 21. Chembe zinazopambana na vijidudu zinashuka karibu na kuisha, mtoto anapata homa na vidonda vya mdomo, kisha zinapanda tena. Huo ni hatari zaidi, kwa sababu zikiwa chini maambukizi madogo yanaweza kuwa makubwa. Siku za mwanangu ni kama 28, si 21, na daktari anaona hauelekei kuwa huo. Ila hataki kubahatisha. Kwa hiyo damu inatolewa mara mbili kwa wiki, wiki sita, ili waone chembe zinapanda na kushuka vipi. Mara 12. Tumemaliza nne. Pia atachukua damu homa ikiwa juu, na nyingine akiwa mzima, alinganishe kinga ya mwili imewaka kiasi gani.

Kuna dawa, dozi moja ya aina ya steroidi, yaani ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo ikiwa ni PFAPA inaweza kuikata homa ndani ya saa chache. Nilimwomba anipe. Akakataa kwa upole, akasema tusiifunike kabla hatujaiona sawasawa, na kwamba kwa baadhi ya watoto dawa hiyo huileta homa inayofuata mapema zaidi. Nilimkasirikia hadi tulipofika nyumbani. Sasa naona alikuwa sahihi, ingawa si rahisi kuona hivyo saa tisa usiku.

Amenipa pia orodha ya mambo ya kutosubiri: shingo ikikakamaa, akishindwa kupumua vizuri, akilegea nisiweze kumwamsha, asipokojoa siku nzima, vipele vyekundu visivyofifia nikivikandamiza kwa glasi. Na degedege, maana umri wake bado unaruhusu: nimlaze ubavu, nisimtie chochote mdomoni, nitazame saa, ikipita dakika 5 tukimbie. Nimeiandika ndani ya jalada la daftari. Inashangaza, lakini orodha hiyo inanitisha kidogo kuliko ilivyonitisha ile hali ya kutojua niogope nini.

Nikuambie kuhusu sindano. Mara ya kwanza nilimwambia, "Haiumi." Ikamuuma. Alinitazama, shoga, hakulia kwanza, alinitazama. Sijawahi kuonwa hivyo na mtu mdogo kiasi kile. Mara ya pili alipigana hadi wauguzi wawili wakamshika. Usiku ule nilimwomba radhi, nikamwambia mama alikosea, sindano inauma, inauma muda wa kuhesabu mpaka tano, na mama atakuwa amekushika muda wote huo. Mara ya tatu alilia lakini alihesabu. Juzi nilimkuta nyuma ya pazia na mwanasesere wake, amemvuta mkono, amemchoma kwa kijiti cha kiberiti. Anamwambia, "Itauma. Mbili, tatu, nne. Mama yuko." Niliondoka pale kimya kimya nisimkatize.

Namwona sana siku hizi anapokuwa mzima. Anakimbia na mimi namhesabu. Hilo nalo ni wizi wa namna yake, maana siku zake nzuri nazitumia kungojea mbaya. Jana alianguka mchezoni akaja ameshika sikio, nikalitazama kama jekundu kabla sijatazama goti lililokuwa linatoka damu. Ndipo nikasema leo nitakuandikia wewe.

Sikuandiki ili unipe moyo. Moyo nimepewa mwingi. Nataka mtu mmoja ajue jambo hili lote kwa mpangilio wake, ili nikimwambia "imeanza" asiulize nini. Na nina ombi. Damu inatolewa Jumanne na Ijumaa, asubuhi. Ijumaa hizi mbili zijazo baba yake yuko zamu na hawezi kubadilishana. Njoo. Wewe anakujua, anakupenda, na una mapaja mapana ya kumkalisha. Mimi nitamshika mkono, wewe mshike mwili, tuhesabu pamoja mpaka tano. Baada ya hapo ukae na mimi kidogo, hata tusiposema kitu.

Ukija usimwambie haiumi. Nitakuomba hilo tu.

Leo ni siku ya 23 tangu homa ya mwisho ilipoanza. Nimetoka kumgusa sasa hivi, amelala chali, mdomo wazi, paji la uso ni la kawaida, vidole vya miguu vina joto. Nijibu mapema nijue kama utaweza Ijumaa. Tunatoka nyumbani saa moja asubuhi.

Ni mimi mwenzako,
anayekukumbuka sana