Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa: ghala lisibomolewe, tulishonee paa la upepo

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni fundi wa maturubai hapa Kibaigwa. Nashona na kuziba viraka maturubai ya malori yanayopakia mahindi sokoni kwetu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe ni la umma: lile ghala la zamani la ushirika kijijini kwetu, ambalo limebaki kuta nne. Bati ziliondoka, kenchi zikafuata, na leo ndani kuna mbigili na samadi ya mbuzi. Wapo wanaotaka libomolewe, mawe yauzwe. Kabla halijafika huko, tunaomba utusikilize sisi mafundi cherehani.

Tunataka kushona chumba cha upepo, kikae ndani ya kuta zile. Bila shaka umeyaona majumba ya kurukia watoto yanayokodishwa mjini Dodoma siku za Idi na Krismasi. Ufundi ni uleule, ila hiki ni cha kukaa chini yake. Kitambaa kizito cha poliesta kinashonwa tabaka mbili, blowa ya umeme inasukuma hewa katikati ya tabaka hizo, kitambaa kinakaza na kusimama chenyewe bila nguzo wala bati. Kwa kuwa hewa iko ndani ya kuta zake tu, mlango unabaki wazi, watu wanaingia na kutoka wapendavyo.

Swali la kwanza ninaloulizwa kijijini ni la mbigili. Mwiba mmoja si utakiangusha? Hautakiangusha. Hewa ya humo haifungiwi. Inavuja muda wote kwenye matundu ya sindano, na blowa inaongeza muda wote. Kazi kubwa iko kwenye pembe. Ukingo unakunjwa mara mbili, unapigwa mishono miwili sambamba, na kila pembe inaongezwa kiraka cha mkanda, maana chumba kikivimba pembe ndizo zinazovutwa kwanza. Hata turubai la lori huanza kuchanikia hapo hapo. Mafundi wa kazi hiyo tunao hapa Kibaigwa, hatuhitaji kuwatafuta mbali.

Wala si mchezo wa kubahatisha. Kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kampuni za kundi la Fuji zilisimamisha ukumbi mzima kwa mirija 16 ya kitambaa iliyojazwa hewa, kila mmoja una urefu wa mita 78. Miaka miwili baadaye, mjini Kassel, Ujerumani, wasanifu wa Haus-Rucker-Co kutoka Vienna walitokeza puto kubwa mbele ya jumba la makumbusho, ndani wakaweka minazi ya bandia na kitanda cha bembea, na jengo lile kongwe likawa na sura mpya bila tofali moja kuvunjwa. Haiti nako, baada ya tetemeko la Januari 2010, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hospitali nzima ndani ya mahema ya upepo. Kama watu wamefanyiwa upasuaji humo, watoto wetu wanaweza kusoma humo.

Ndugu Mkurugenzi, hatari ipo na sitaki kuificha. Desemba 2021, huko Devonport, kisiwani Tasmania nchini Australia, upepo uliinua jumba la kurukia kwenye sherehe ya shule na watoto sita wakafa. Kwa hatari za namna hiyo, viwango vya usalama vya Ulaya vinaagiza majumba ya aina hii yazimwe upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Na upepo wetu wa Juni hadi Septemba unajulikana. Mimi mwenyewe hulazimika kukalia turubai ninalolishona lisiondoke. Hapa ndipo ghala linapokuwa na thamani kuliko mawe yake. Kuta zile zinakinga upepo pande zote nne. Chumba cha upepo kikiwekwa uwanjani ni hatari, kikiwekwa ndani ya kuta imara kinatulia, na kuta nazo zinapata paa. Kipima upepo tutakiweka hata hivyo, na siku upepo ukizidi tunafungua, tunakunja, tunapakia kwenye guta.

Umeme ukikatika, kitambaa hakianguki ghafla, kinalegea polepole. Tutakaza kamba nene juu, toka ukuta hadi ukuta, ili kikilegea kining'inie kwenye kamba, kisiwafunike watoto. Koroboi, mshumaa na jiko havitaingia kabisa. Masika hatutakitumia.

Wengine watasema hii ni anasa. Wilaya hii inajua gharama ya jambo kubwa lisilopimwa: mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi wao wa karanga, wakakutana na ukame na udongo unaokuwa mgumu kama saruji, na kufikia 1951 walikuwa wameuacha, pauni milioni 36 zimepotea. Sisi tunaomba kinyume chake. Chumba kimoja, ghala moja, kiangazi kimoja. Kikishindikana, kitambaa kinageuzwa maturubai na hakuna kitakachobaki kinaoza kijijini.

Naweka wazi pia kwamba siyasemei majengo na makaburi ya iliyokuwa kambi ya wapigania uhuru hapa Kongwa, alikokuwa Samora Machel na wenzake. Pale ni mahali pa heshima, pasiguswe na mchezo wowote.

Ghala letu ni habari nyingine. Siku za kliniki akina mama hupanga foleni juani na watoto mgongoni wakisubiri mizani. Jioni watoto hawana pa kusomea. Vikundi vya ngoma ya muheme hufanya mazoezi kwenye vumbi. Nataka watoto waingie ghala lile wakicheka, waguse ukuta unaobonyea na kurudi, na wazee wavutwe na kelele zao waje kuona. Furaha ya namna hiyo vijijini huwa haipangiwi bajeti, nami naamini inastahili.

Ombi la kwanza na kubwa ni mhandisi wa halmashauri aje apime kuta. Ukuta uliokaa miaka bila paa unaweza kuwa umelegea, na akisema haufai, tutakubali. Akisema unafaa, tunaomba kibali cha maandishi, mkutano mkuu wa kijiji uridhie, na kikundi chetu cha vijana kiruhusiwe kuomba mkopo kwenye ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vijana, kwa ajili ya kitambaa na blowa. Ushonaji tutaufanya bure. Mhandisi akija siku yoyote isiyo ya mnada atatukuta, na kipande cha mfano kimeshashonwa, atakipuliza mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi maturubai, Kibaigwa