Kofia za askari sina neno nazo, ila msibadilishe nani alifanya nini

Mhariri,

Nimesoma makala yenu inayosema wanaolalamikia makosa ya historia kwenye muvi za vita ni wasumbufu tu, eti muvi si darasa na mtu kalipa tiketi aburudike. Nusu yake nakubali. Kuna watu ukikaa nao kuangalia muvi ya Vita Kuu ya Pili kila baada ya dakika mbili wanakwambia kifaru hicho kilikuwa bado hakijatengenezwa, mara vifungo vya koti sio vyenyewe, hadi unatamani kuwatoa nje. Mi vifungo na vifaru sina neno navyo. Hata maongezi ya kutunga poa tu, nani alikuwa handakini anaandika kila neno?

Ila kuna kosa lingine ambalo mwandishi wenu kalitupia kwenye kapu hilohilo, nalo ni kubadilisha nani alifanya nini. Chukua muvi ya U-571 ya mwaka 2000. Humo mabaharia wa Marekani ndo wanaivamia nyambizi ya Wajerumani ili wapate Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia meseji kwa siri. Kiukweli walioipata kwenye nyambizi U-110 mwezi Mei 1941 ni Waingereza wa meli HMS Bulldog, na wakati huo Marekani hata vitani haijaingia, iliingia Desemba. Ishu ikafika mpaka bunge la Uingereza na waziri mkuu Tony Blair akakubaliana na mbunge aliyeiona muvi hiyo ni dharau kwa mabaharia wao. Waandaaji walikuwa wamewataja Waingereza, ndio, ila kwa maandishi mwishoni kabisa, watu washasimama wanatafuta mlango.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba stori ya kweli ni tamu kuliko waliyotunga. Oktoba 1942, Bahari ya Mediterania, usiku, nyambizi nyingine ya Wajerumani, U-559, inazama taratibu. Waingereza wawili, Anthony Fasson na Colin Grazier, wanaingia ndani maji yakiwa yanajaa, wanatoa vitabu vya siri za mawasiliano na kumpokeza Tommy Brown, dogo wa kantini ya meli, miaka 16, alidanganya umri ili aende baharini. Mara nyambizi inadidimia ghafla na wale wawili wanabaki humohumo, dogo anapona. Vitabu vile ndo vilivyowawezesha wataalamu kusoma tena meseji za nyambizi za Wajerumani baada ya miezi kibao ya kutoona kitu. Sasa prodyuza anapita hapo anaenda kutunga ya kwake, kwanini?

Braveheart nayo, muvi ya William Wallace aliyeongoza Waskoti kupigana na Waingereza, ina Oscar tano, lakini vita ya daraja la Stirling ya 1297 wameipiga bila daraja, wakati daraja ndo lilikuwa mtego wenyewe, jembamba, Waingereza wanavuka wachache wachache na Waskoti wanasubiri wafikie idadi ya kuwamudu ndo wanawashukia. (Yule binti mfalme ambaye kwenye muvi anabeba mimba ya Wallace usiniulize, kiukweli Wallace ananyongwa 1305 binti mwenyewe ni mtoto wa miaka kama kumi, yuko kwao Ufaransa.)

Halafu kuna Zulu ya 1964, ambayo mi mwenyewe naipenda, kuhusu vita ya Rorke's Drift, Afrika Kusini, mwaka 1879, askari wachache wa Uingereza dhidi ya Wazulu. Askari mmoja humo, Henry Hook, wamemfanya mlevi na mvivu anayejifichia hospitali. Hook wa kweli pombe alikuwa hagusi, alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa kuilinda hospitali hiyohiyo na kusaidia kutoa wagonjwa, na inasimuliwa binti zake, wazee tayari, waliinuka wakatoka siku muvi inazinduliwa. Kama dairekta alihitaji mlevi anayebadilika kuwa shujaa si angempa jina la kutunga tu? Ingempunguzia nini? Jina la mtu wa kweli unalitumia kwa sababu linauza, basi na matendo yake yachukue.

Na msiniambie ukweli unaboa watu. The Battle of Algiers ya 1966, kuhusu Waalgeria waliopigana na Wafaransa kudai uhuru, imepigwa Algiers kwenyewe, Saadi Yacef aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji hao wa uhuru anaigiza mtu kama yeye, mabomu ya pande zote mbili yanaonyeshwa na waliokufa nayo wanaonyeshwa, na ilichukua tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Venice. Ukiiangalia unaweza kuapa ni picha za taarifa ya habari, wakati yote imeigizwa.

Kwahiyo mhariri, ninachoomba ni kidogo tu. Mwandishi wenu akisifia tena muvi yenye majina ya watu waliowahi kuishi aongeze mistari miwili ya nani hasa alifanya kile tunachokiona pale, na mambo ya vifaru awaachie wale jamaa wa vifungo.

Msomaji wenu