Mbolea ya ruzuku pekee haitoshi

Mhariri,

Nalima mahindi Trans Nzoia, kaunti tunayoiita ghala la chakula la Kenya. Kwa zaidi ya miaka 20 nimepandia DAP, mbolea yenye nitrojeni na fosfora, kila msimu, kama alivyofanya baba. Mwaka juzi mahindi yalipofika magotini, majani yaligeuka zambarau. Nikang'oa mche mmoja: mizizi mifupi, minene, ncha zimevimba. Na mbolea nilikuwa nimeweka ya kutosha! Udongo ulipopimwa, pH, yaani kipimo cha asidi, ilikuwa 4.8: asidi kali.

Mbolea za aina hii, zikitumiwa mfululizo, huongeza asidi ardhini. Fosfora tunayoinunua hunaswa na aluminiamu na chuma, mmea ukabaki na njaa. Mavuno yakipungua, tunaongeza mifuko.

Tunashukuru bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku kushushwa hadi shilingi 2,500 mwaka 2023. Lakini chokaa ya kilimo, inayopunguza asidi ya udongo, nayo iwekwe kwenye maghala yale yale yanayouza mbolea hiyo, na mkulima apimiwe udongo kabla ya kuuziwa mbolea. Mimi chokaa yangu niliisafirisha kwa gharama yangu. Jirani yangu, mama mjane mwenye ekari moja, ataipata wapi?

Mkulima,
Kitale