Nyuzi tano na vifaranga kumi na saba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Limenikaa tangu Jumanne ya wiki iliyopita, jirani yangu alipobisha hodi alfajiri, mkono mmoja ameshika gazeti lenu, mkono wa pili ndoo ya vifaranga waliokufa.

Jirani huyu nilimfundisha Fizikia kidato cha pili, na mpaka leo namwita mwanangu. Alinunua vifaranga 150 wa kuku wa nyama. Ukurasa wenu wa kilimo ulieleza kwamba wiki ya kwanza banda liwe na nyuzi 95 za Farenhaiti, na kwenye mabano mkaandika 35 za Sentigredi. Hapo sawa kabisa. Kisha mkasema kila wiki mfugaji apunguze nyuzi 5 za Farenhaiti, na kwenye mabano: "-15 za Sentigredi". Kipimajoto chake ni cha Sentigredi, na kile kistari alikisoma "toa". Thelathini na tano toa kumi na tano, ishirini. Siku ya nane akaondoa vyungu viwili vya mkaa kati ya vitatu, akaenda kulala. Usiku wa Julai hapa Morogoro baridi inateremka kutoka Uluguru kama imetumwa. Alfajiri akawakuta wamerundikana kona moja, na 17 waliokuwa chini wameshakufa kwa kukosa hewa.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nikamwambia: hukukosea, mwanangu. Umetii gazeti.

Hiyo -15 naijua ilikotoka. Mwandishi alichukua 5, akatoa 32, akazidisha kwa 5, akagawa kwa 9. Kanuni ni yenyewe, lakini hapa si mahali pake. Ile 32 ni namba ambayo Fahrenheit aliipa barafu inayoyeyuka, basi. Unaihitaji ukitaka kujua kipimajoto kinasoma ngapi. Ukitaka kujua joto limeshuka kwa kiasi gani, huihitaji. Nyuzi 95 ni 35 za Sentigredi. Nyuzi 90 ni 32.2. Kutoka hapa hadi pale ni 2.8, tuseme 3. Hicho ndicho alichopaswa kupunguza.

Waswahili hatukutakiwa kupata taabu na jambo hili, maana tunaishi nalo kila siku. Saa yetu na saa ya Kizungu zimepishana kwa sita: wao wakisema saba asubuhi, sisi ni saa moja. Lakini basi likitumia saa tatu njiani, hakuna kondakta anayesema "kwa Kizungu ni saa tisa". Sita ni ya kusomea saa, haiingii kwenye urefu wa safari.

Nilipoanza kazi miaka ya sabini katika sekondari moja milimani Usambara, kabati la maabara lilikuwa na kipimajoto cha zamani cha ubao, upande mmoja C, upande wa pili R. Mwanafunzi mmoja alisema R ni ya "robo". Ni ya Réaumur, Mfaransa, ambaye kipimo chake cha mwaka 1730 kinaipa barafu 0 na maji yanayochemka 80. Tulipasha maji kwenye kopo: upande wa C yakapanda kutoka 25 hadi 50, upande wa R kutoka 20 hadi 40. Nikawapigia mstari ubaoni: hatua 4 za Réaumur ni 5 za Sentigredi na 9 za Farenhaiti. Nne, tano, tisa. Waliikariri kama wimbo, na mtihani ulipokuja hakuna aliyeongeza 32 mahali pasipohusika. (Niliwaonjesha na cha Delisle, kilichohesabu kinyumenyume, maji yanayochemka 0 na barafu 150. Kwake joto likipanda nyuzi 2 za Sentigredi, namba inashuka 3. Walicheka sana.)

Na huyo Réaumur alikuwa mtu wa kuku! Mwaka 1749 alichapisha kitabu cha kutotolesha mayai bila kuku kuatamia, akitumia joto la samadi inayochacha, na kipimajoto chake kikiwa kazini. Angelisoma ukurasa wenu angelia.

Wala si mara ya kwanza. Mwezi uliopita ukurasa wa kimataifa uliandika kwamba Mkataba wa Paris wa 2015 unataka nchi zijitahidi ongezeko la joto la dunia lisivuke nyuzi 1.5, "sawa na 34.7 za Farenhaiti". Ni 2.7. Kwa ile 34.7 tungekuwa tumeshachemshwa na bahari yetu. Lile nililinyamazia kwa sababu halikuua kifaranga wa mtu.

Naomba sahihisho, na litoke ukurasa uleule wa kilimo, kwa herufi za ukubwa uleule, siyo kule chini kwenye matangazo ya viwanja. Andikeni tu: kila wiki punguza nyuzi 3 za Sentigredi. Wapo wengine waliokata ukurasa ule wakaubandika mlangoni mwa banda, kama alivyofanya jirani yangu. Yeye amebaki na 133, na jana jioni nilipopita kipimajoto chake kilisoma 32.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro