Salamu za Idi: mwezi umeandama, Machi imerudi

Assalaam alaikum shangazi, baba wadogo, wajomba, dada na kaka zangu mlioko Mombasa, Dar es Salaam na Maskati. Mwezi umeandama. Idi Mubarak nyote, wakubwa kwa wadogo, na Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu na swala zetu.

Huku Tanga mama anachambua mchele wa pilau ya kesho, nami nimekaa barazani na binti yangu. Ameniuliza jambo ambalo sitaki nilale nalo peke yangu.

Lilianza na hesabu. Nilimwambia Idi ya kwanza ninayoikumbuka ni ya mwaka 1413 wa Hijria, Machi ya 1993, kaskazi ikiishaisha na mawingu ya masika yakianza kutanda. Hii ya 1447 nayo imeangukia Machi. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idi hutangulia kama siku kumi na moja kwenye kalenda ya jua. Ikaingia Februari, ikaingia Januari, ikapita vuli, kipupwe na masika, na baada ya miaka 33 iko pale pale. Mtoto akaniangalia: "Kwa hiyo baba, tumerudi?"

Sisi wa pwani tumelelewa na hesabu mbili. Ya mwezi ni ya ibada, ndiyo maana tangu magharibi ya leo tumeingia Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Ya jua ni ya wakulima na wavuvi, Nairuzi yenye siku 365. Siku moja ina anwani mbili. Lakini hizo ni fimbo mbili za kupimia njia moja. Ukiipima barabara ya Tanga hadi Korogwe kwa maili badala ya kilomita, haiongezeki upana.

Wapo waliouliza habari za upana wenyewe. Mwaka 1908 Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein hesabu kule Zürich, alieleza mbele ya wanasayansi mjini Köln kwamba mahali na wakati ni kitu kimoja chenye vipimo vinne: urefu, upana, kimo, na wakati. Vitatu kwa kimoja. Na kwa nini wakati upate kimoja tu?

Nilimpa binti yangu mfano wa mashamba ya chumvi. Anayepita juu ya tuta jembamba hawezi kurudi alikotoka mpaka asimame, ageuke. Ngalawa baharini haina shida hiyo. Huzunguka taratibu, omo ikiwa mbele muda wote, na mwisho ikajikuta pale ilipong'oa nanga. Wakati wetu ni tuta. Wenye vipimo viwili ungekuwa bahari: ungeenda mbele kila dakika, hujarudi nyuma hata hatua moja, na bado ukafika Machi ya 1993 ukamkuta bibi anapaka mafuta chungu cha mkate wa kumimina.

Alinyamaza. Yeye hakumwona bibi. Nami nilinyamaza, maana nilitamani.

Hesabu za namna hiyo zipo kweli. Itzhak Bars, wa Chuo Kikuu cha Southern California, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 amejenga fizikia yenye vipimo vinne vya mahali na viwili vya wakati, akaitia masharti yanayozuia mizunguko kama ule wa ngalawa. Kwake, ulimwengu tunaouona ni kama kivuli ukutani cha ulimwengu mpana zaidi. Hakuna jaribio lililowahi kuuona wakati huo wa pili. Na mwaka 1997 mwanafizikia Max Tegmark alionyesha kwamba ukiongeza tu kipimo cha wakati, hata uijue leo vizuri namna gani, huwezi kukokotoa kesho kutokana nayo.

Hilo la Tegmark ndilo lililonikaa. Juu ya bahari ile, mama angechambua mchele wa asubuhi ipi? Tuta letu linatunyima bibi, lakini ni juu ya tuta hilo tunakoweza kuhesabu leo kwamba Idi itamaliza mzunguko mwingine na kuangukia Machi tena mwaka 2059, inshallah. Binti yangu atakuwa na miaka 42. Nimemwambia aandike daftarini alichokiona usiku huu: mwezi ulivyokuwa mwembamba, nani alikuwepo barazani, harufu ya bizari jikoni. Ameandika ukurasa mzima, akaniuliza jina kamili la bibi, akaliandika nalo.

Kesho tukitoka uwanjani kuswali tutapita makaburini kumsomea, kisha nyumbani kwa mama. Mlio karibu, pilau ni saa saba. Mlio mbali, pigeni simu kabla ya adhuhuri ili watoto wawasikie, na mkono wa Idi wao msiusahau.